Jina Nyuma ya Kofia

Watu wakiniuliza Didas Rutabingwa ni mtu wa namna gani, huwa nawajibu hivi: ni mtu aliyegombea ubunge mara mbili. Mara ya kwanza walimkataa kwa kuwa hawamjui. Mara ya pili wakamkubali, akaenda bungeni mwingine. Wanaosikia hucheka sana. Wacheke tu. Mimi sijawahi kucheka, maana nilikuwemo.

Naitwa Getrude. Nauza midoli, kalamu na madaftari Bukoba mjini, na mzigo wangu naufuata mwenyewe Guangzhou, kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu. Nilianza safari hizo mwaka tisini na sita nikiwa sijui hata kuomba maji ya moto, na aliyenipokea ni yeye, Ta Didas. Kwetu mwanamume mwenye heshima zake tunamwita Ta, na mimi sikuona sababu ya kumvua heshima hiyo eti kwa kuwa tuko China. Alipanga chumba katika hoteli moja nyuma ya stesheni ya treni, namba 709. Kitanda kilikuwa upande mmoja, meza na mashine ya faksi upande wa pili, na katikati maboksi ya sampuli mpaka unapita ubavuubavu. Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote tuliishia mlango huo. Ukitaka bei, Didas. Ukiumwa jino, Didas. Laoban akikuletea katoni nzima ya viatu vya mguu wa kushoto (laoban ndiyo bosi, na kule kila mwenye duka ni laoban), Didas atakwenda na wewe, atafoka Kichina mpaka wapita njia wasimame kutazama.

Kichina hicho alisomeshwa na serikali. Alipelekwa mwaka themanini na mbili kusomea mitambo ya nguo, akarudi, akafanya kazi kiwandani miaka michache, kiwanda kikafa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Mwaka tisini na tatu akarejea Guangzhou kuwa mkalimani na wakala wa mizigo. Chuoni mwalimu wao alikuwa amempa kila mgeni jina la Kichina, na kwa kuwa ndimi nyingi za kule R inazishinda, Rutabingwa akawa Lu. Lu, basi. Muhuri wake ulisema Lu, wenye maduka walimwita Lu, na maboksi yake yaliyopakiwa bandari ya Huangpu yaliandikwa kwa rangi nyeusi LUTABINGWA – DAR. Hakuna aliyejali. Na tusidanganyane, hata kwetu L na R ni mapacha waliovalishwa nguo moja. Padre anaandika hivi, mwalimu anaandika vile, ndugu wa tumbo moja mmoja ana R na mwenzake ana L, na maisha yanaendelea.

Mtu huyu alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kurudi nyumbani bila kuulizwa alikuwa wapi. Baba yake alifariki yeye yuko safarini, akafika kaburi limeshakauka udongo. Msibani, mbele za watu, baba yake mkubwa alimtazama akasema, "Mkataa kwao mtumwa." Ta Didas alinisimulia jambo hilo zaidi ya mara kumi. Ndipo akaingiwa na fikra ya ubunge. "Mbunge, Ma Getrude," aliniambia, "hata akikaa Dodoma mwaka mzima, akirudi watu wanamtandikia majani mapya sakafuni kama mgeni wa heshima." Nilimwelewa. Mwenye uchungu wa namna hiyo humwambii aridhike na kujenga nyumba ya bati.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka tisini na tano, kabla sijamfahamu. Alikwenda na suti nzuri na hotuba ya viwanda. Sasa, kwetu anayepita kura za maoni ndani ya chama ndiye mbunge, na kura hizo zilikuwa hivi: wajumbe wanakaa ukumbini kwenye mabenchi, kila mmoja anapewa kikaratasi kitupu, anaandika kwa mkono wake jina la anayemtaka, anatumbukiza kwenye sanduku. Hakuna picha wala orodha ya kuweka alama. Didas alipata kura kumi na tisa. Pale nje bibi mmoja mjumbe alimshika mkono akamwambia, "Baba, wewe ndiye uliyesema vizuri kuliko wote. Lakini niliposhika kalamu jina lako likanipotea, nikaandika la yule ninayemjua." Angekuwa mwingine angesonya akaondoka. Yeye alilichukua neno la yule bibi akalitia moyoni, akarudi nalo Guangzhou.

Mapema mwaka tisini na nane mbunge wetu akafariki, kiti kikabaki wazi. Jovitus, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi kule kijijini, alipiga simu: "Baba mdogo, sasa au basi!" Kura za maoni zingefanyika Agosti. Nilikuwepo chumbani. Ta Didas alikata simu, akakaa juu ya boksi, akaanza kucheka peke yake.

"Ma Getrude, ukumbini mjumbe anatazama nini?"

"Anamtazama mgombea."

"Ah wapi! Mgombea akishamaliza hotuba anatolewa nje. Mjumbe anatazama kisogo cha mwenzake aliyekaa benchi la mbele."

Basi akanieleza. Atatengeneza kofia mia sita, nzuri, za kitambaa kizito ambacho mkulima hatakivua mpaka kichakae. Mbele haziandikwi kitu, ili asiwepo wa kusema ni kampeni. Jina lake litatariziwa nyuma, juu ya ile kamba ya kukazia. Mjumbe akisahau, anainua macho tu, ananakili. Chama kilikataza kuwagawia wajumbe vitu, na sote tulijua, lakini nani alikuwa hagawi? Wengine waligawa sukari na vitenge. Nilimpigia makofi. Niliona ni akili ambayo haijapata kuzaliwa jimboni kwetu, na mpaka leo naona hivyo.

Mshonaji alikuwa mama mmoja mfupi, Laoban Huang, mwenye karakana yake ghorofani pembeni ya Yide Lu, juu ya duka la ngisi na kamba wakavu, hivyo hata nguo zake zilinuka samaki. Ta Didas alimpa kazi kwa simu, akamtajia jina kama mara zote. Kisha akawa na pilika za safari, maana alitaka kutangulia nyumbani aanze kuzunguka vijiji. Ijumaa moja ya Mei, siku moja kabla hajapanda ndege uwanja wa Baiyun, akanituma nikakague kofia, maana zingesafiri ndani ya kontena langu.

Nilipanda zile ngazi. Laoban Huang akanipa kofia moja, ya bluu iliyokolea, uzi wa dhahabu, mshono wa kukaza kabisa. Nikaigeuza. LUTABINGWA.

Nisiseme uongo, moyo ulinishtuka. Mimi nimezaliwa kijiji kimoja na ukoo ule. Msalaba wa kaburi la baba yake umeandikwa Rutabingwa, R kubwa kama mlango. Nikamwonyesha laoban ile herufi, nikatikisa kichwa. Akanifungulia shuka, nikaona kofia zote mia sita zimekwisha, zimepangwa kumi kumi. Kubadilisha, akanihesabia kwa vidole, siku tano. Na kontena langu lilikuwa linafungwa Huangpu Jumatatu. Wakala alishaniambia meli haimsubiri mtu, na nikikosa ile, midoli yangu ingefika shule zimeshafunguliwa. Nikasimama pale katikati ya harufu ya ngisi, nikajiambia: Getrude, L, R, tangu lini mtu wa kwetu akajali? Nikamwambia laoban "keyi," yaani sawa. Jioni Ta Didas akaniuliza, "Zikoje?" Nikamjibu, "Ziko safi sana." Sikutaja herufi.

Mzigo ulifika Dar es Salaam Julai. Barabara za kwetu zilikuwa bado zimetafunwa na mvua za elinino, lori likalala njiani siku nne, lakini kofia zikafika. Jovitus na Ta Didas wakagawa usiku na mchana. Zilipendwa! Mume wangu, Pius, aliniambia wazee waliendea nazo kanisani, wanawake wakawanyang'anya waume zao. Mimi wakati huo nilishageuza kurudi Guangzhou kuchukua mzigo wa Krismasi, nikawa nalala chumba 709 nikipokea faksi za Ta Didas.

Siku ya mwisho ya kuchukua fomu, imebaki nusu saa ofisi ifungwe, akaingia mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Sostenes, mzee wa makamo, aliyekuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika. Siasa hana, hotuba hana, suti hana. Waliomleta ni wajanja wa kundi jingine, walioona mgombea wao hapiti na hawataki Didas apite. Fomu wakamlipia wao. Didas na Jovitus walipoambiwa walicheka mpaka machozi. "Huyu atapata kura yake na ya mkewe," alisema Ta Didas. Kwa jina kamili aliitwa Sostenes Lutabingwa, kwa L, padre aliyembatiza ndivyo alivyoandika. Hawana hata undugu.

Siku ya kura nilikaa karibu na simu kama mwenye mgonjwa. Ikalia. Pius, mume wangu, anapiga kelele kutoka posta ya Bukoba: "Amepita! Rutabingwa amepita! Mia mbili na sitini na moja! Mji mzima unasema!" Nilirusha khanga juu. Mlango wa pili alikaa Odhiambo, Mkenya wa Nairobi anayenunua redio, na ng'ambo yake Mumbua wa nguo za watoto. Nikawagongea wote. Odhiambo akasimama katikati ya korido akatangaza, "Waheshimiwa, simameni! Hii floo imetoa mbunge! Sasa viza zetu ni poa kabisa!" Mumbua akaleta karanga za kuchemsha, mtu akashuka kuleta bia na soda, tukaimba mpaka mlinzi akapanda kutunyamazisha, na yeye tukampa soda. Mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Nililia pia, kwa furaha, maana kile kidonda cha L kilichokuwa kinaniwasha tangu Mei nilikiona kimepona.

Siku mbili baadaye simu ikalia tena. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa!" nikapaza sauti.

"Ma Getrude. Nani kakuambia?"

"Pius. Kasema Rutabingwa amepita."

"Amepita," akasema. "Wa L."

Nikasema, "Si ndiyo wewe?" Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema. Simu inapeleka sauti tu, herufi haipeleki, na kwa ulimi wa kwetu majina yale mawili ni jina moja.

"Mimi ni wa R," akasema. "Nimepata thelathini na nane." Akakata.

Mengine nilisimuliwa na Jovitus. Wajumbe waliinua macho, wakanakili, kama walivyotakiwa. Wazee walionakili herufi kwa herufi, ulimi umetoka nje kama watoto wa darasa la kwanza, wakaandika walichokiona kisogoni. Jina moja tu, bila Didas wala Sostenes. Wakati wa kuhesabu katibu aliinua kikaratasi cha kwanza akasoma, "Lutabingwa, kwa L. Tunaye mgombea wa L? Tunaye." Akaweka upande wa Sostenes. Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa, alisema, na ukumbi ukakubali. Walioandika R ni wale wachache waliomjua baba yake.

Didas alikwenda kukata rufaa. Mwenyekiti wa kikao, mtu wa tabasamu, akaweka kofia moja mezani, akaigeuza. "Ndugu yangu, kofia hii ni yako au si yako?" Fikiria mwenyewe. Akisema ni yake, basi amekiri kugawa vitu kwa wajumbe, anafukuzwa chamani, na jina lake kaliandika mwenyewe kwa L. Akisema si yake, basi wale wajumbe mia mbili na sitini na moja wamemwandika Sostenes. Jovitus aliniambia baba yake mdogo alisema, "Si yangu." Akatoka. Hasira niliyoipata niliposikia hayo! Niliwalaani wale wajanja, nikamlaani katibu, nikamlaani mpaka padre aliyembatiza Sostenes, naye ni marehemu. Mwisho wa orodha nikajikuta mimi.

Sostenes akaenda bungeni. Mpaka leo sijasikia amefungua mdomo mle ndani ila kupiga miayo. Kijijini kwetu watu wanalimia kofia zile, na ukiwauliza wamepata wapi watakuambia, "Mheshimiwa alitugawia, mtu mwema sana." Nimeyasikia kwa masikio yangu haya, gengeni, nikanunua nyanya nikaondoka.

Ta Didas alirudi chumba 709 mwezi Oktoba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Odhiambo, pamoja na mdomo wake wote, alimpokea begi, akamwekea chai, akasema tu, "Karibu, buda, kuna laoban wa redio ananisumbua." Kazi zikaendelea. Ila alikoma kufoka. Ukiletewa viatu vibovu, alikwenda na wewe, akaongea polepole, akakubali nusu ya haki yako. Akakonda. Mimi nilikuwa namtazama tu. Kila safari nilijiambia leo nitamwambia, na kila safari nikapanda ndege sijamwambia. Woga ni mbaya jamani, unakufanya umchukie mtu uliyemkosea.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Oktoba tisini na tisa ikaja faksi ya Jovitus: mwakani ni uchaguzi mkuu, watu wamemchoka Sostenes, baba mdogo achukue fomu, safari hii hakosi. Ta Didas aliisoma, akaiweka chini ya kikombe. Wiki nzima haikutoka hapo. Nikaona huu ndio wakati. Mtu hawezi kwenda vitani mara ya tatu hajui nani alimchoma kisu mara ya pili.

Nilimfuata asubuhi, kabla wateja hawajaanza kugonga. Nikapiga magoti, kama mwanamke wa kwetu anavyoomba radhi, pale pale kati ya maboksi.

"Ta Didas, lile kosa ni langu. Ile Ijumaa niliiona L. Nikajua si jina lenu. Nikaogopa kukosa meli, nikamwambia laoban sawa. Midoli yangu ndiyo iliyokunyima ubunge. Nitukane, nipige, ukitaka niondoke nisikanyage hapa tena, nitaondoka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote, hata kofi. Alininyanyua kwa kiwiko, akanikalisha kitandani, naye akakaa juu ya boksi.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi gani?"

"Siku nane kabla yako. Laoban Huang alinipandishia sampuli humu ndani, kofia moja, ili nimpe ruhusa ashone zote. Niliishika, nikavuta uzi, nikaangalia mshono. Nikaivaa, nikageuka kwenye kioo kile pale, nikashika kioo kidogo nyuma nisome jina." Akakitazama kile kioo. "Nilisoma vizuri kabisa, Ma Getrude. Sikuona kosa."

Nikasema, "Ulikuwa na haraka."

"Sikuwa na haraka. Nilikaa nayo robo saa nikifurahi. Na kule nyumbani nikazigawa mwenyewe, vijiji kumi na viwili, kwa mkono huu. Wewe uliiona mara moja ukashtuka. Mimi mpaka katibu aliposoma ndipo nikakumbuka baba yangu aliandikaje."

Nikaanza kulia. Nilikuja kubeba mzigo wangu, mwaka mzima nimeupanga namna ya kuubeba, nikakuta hata mzigo si wangu. Nikamwambia safari hii nitakwenda mwenyewe kwa mshonaji, nitasimama juu ya mashine, nitaandika R kwa mkono wangu kwenye kila kofia. Nikamwambia watu wanamtaka, Jovitus amesema. Nikamwambia mwenda kwao si mtumwa.

Aliichomoa ile faksi chini ya kikombe, akaigeuza upande mweupe, akanipa na kalamu.

"Mjibu Jovitus," akasema. "Mwambie asitafute wajumbe. Mwambie anitafutie mtu wa kusafisha kaburi la mzee, nitakuwa natuma hela. Andika wewe."

Nikaandika. Nilipofika mwisho, mahali pa kutia jina lake, nikamsogezea kalamu atie sahihi. Hakuipokea.

"Malizia tu, wewe ndiye unayelikumbuka," akasema, akainuka kwenda kumfungulia mteja aliyekuwa anagonga.